Pumzi Zilizokatwa

Kitambaa kilikuwa kimelowa upande usiopaswa kulowa.

Restuta aliligundua hilo Jumanne moja, saa nane mchana, aliponyoosha mkono kukisogeza kichujio. Kichujio chenyewe hakikuwa kitu cha kutisha. Lilikuwa duara la mbao la kudarizia, limevishwa soksi nyembamba ya kike na kufungwa mbele ya maiki, ili pumzi ya msomaji isiipige maiki kila anapotamka "punda" au "baba". Mtu akisoma saa nzima mvuke humtoka mdomoni, na kitambaa hulowa. Hilo linajulikana. Lakini hulowa upande wa mdomo. Siku ile upande wa mdomo ulikuwa mkavu, na uliolowa ni upande wa pili, unaotazama maiki, kule ambako hakai mtu.

Alikifuta kwa pindo la khanga akaendelea kusoma. Na wewe ungefanya hivyo hivyo. Nani anaikimbia soksi?

Nyumba yao iko Ihumwa, ina vyumba viwili, sebule na stoo. Mumewe, Yotham, ni karani wa masijala katika wizara moja pale Mtumba, mtu mpole wa kutunza mafaili, ambaye hajatupa karatasi tangu azaliwe. Restuta alikuwa mwalimu wa darasa la pili. Aliacha kazi kwa sababu ya Lea, binti yao wa pekee mwenye miaka saba, ambaye ana pumu. Pumu na vumbi la Dodoma havipatani hata kidogo. Upepo wa Agosti ukianza, kifua cha Lea nacho kilianza kulia kama paka aliyefungiwa nje, na mara mbili walimkimbiza hospitali vidole vimeshabadilika rangi. Restuta hakuogopa kitu duniani kama kumpoteza mtoto huyo. Alikuwa akilala sikio moja likiwa chumbani kwa Lea.

Ndiyo maana kazi ya kusoma hadithi ilimjia kama neema. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa ikitafuta sauti za kusoma hadithi za watoto za kuwekwa kwenye simu: mzazi anabonyeza, mtoto anasikiliza, mtoto analala. Zilikuwa hadithi kumi na moja, na angezirekodi hapo hapo nyumbani, hatua nne kutoka kitanda cha mwanawe.

Ya kwanza ilirudishwa. Waliandika kwamba meza inagonga kila anapogeuza karatasi, p zake zinapasuka, na pumzi zake zinasikika mno. La tatu ndilo lililomuumiza. Restuta ana mwanya mpana wa mbele, mwanya ambao Yotham mwenyewe hukiri kwamba ndio aliouposa, na kila avutapo pumzi hupita kimluzi chembamba kati ya meno. Darasani watoto walikuwa wakijua mwalimu anakuja kabla hawajamwona. Hakuna mwingine mwenye kimluzi kile.

Yotham akaenda kwa rafiki yake Meshack, anayerekodi kwaya kule Chang'ombe. Meshack anaijua kazi yake, na anapenda ujue kwamba anaijua. Alimkalisha akamsomea somo zima. Stendi fupi ya mezani aiache, maana meza ikiguswa nayo inasema. Ile ya mkono, inayobanwa kwenye ukingo wa meza, inamfaa mwenye meza ya maana, na meza ya Yotham, Meshack alikuwa ameshailia chakula akaona inavyocheza. Ya miguu mitatu ni nzuri, ila zile nyepesi zinaanguka paka akipiga chafya. Atafute kitu kirefu, kizito chini, kinachosimama chenyewe bila kushikana na chochote. Kichujio asinunue, fremu ya kudarizia na soksi vinatosha, vidole vinne kutoka kwenye maiki.

Kisha akamfundisha jambo la mwisho, nalo ndilo lililozaa mengine yote. Pumzi zinakatwa kwenye kompyuta, moja moja. Ila ukikata ukaacha pengo tupu, sikio la msikilizaji linashtuka. Kwa hiyo kwanza rekodi dakika moja ya chumba kikiwa hakina mtu, kwa kuwa kila chumba kina kimya chake. Halafu chukua kipande cha kimya kile ukibandike kila mahali ulipotoa pumzi. Msikilizaji hatajua kama kulikuwa na kitu.

Wiki ile Yotham alikwenda kwao Mpwapwa kwenye matanga ya shangazi yake, akakuta mnada wa vitu chakavu vya zahanati moja ya mtu binafsi iliyokufa zamani. Palikuwa na vitanda, mabeseni, mizani ya watoto. Na palikuwa na stendi ya dripu: mlingoti mrefu wa chuma unaopanda na kushuka, kulabu mbili juu, magurudumu matano chini yenye breki. Aliisukuma, haikutetereka. Akacheka peke yake. Kwenye kulabu hii angefunga maiki, kwenye ile angefunga kichujio.

Mzee aliyekuwa akitoa vitu nje aliitwa Ebenezer, na alikuwa mhudumu wa wodi enzi za zahanati ile. Vitanda alivibeba kwa mikono mitupu, lakini stendi aliishika kwa kitambaa. Alipoambiwa inakwenda kushika maiki alimwambia Yotham asije akaiweka kwenye chumba kisicho na dirisha wazi. Yotham akaitikia vizuri na kumshukuru. Alidhani mzee anaongea habari za kutu.

Stoo ilikuwa na dirisha moja, na walilizibia godoro. Kuta wakazivika trei za mayai na mablanketi, chini ya mlango wakalaza kigunia cha mchanga, hata tundu la kitasa Yotham alilitia pamba. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta, ila nadhani hawakuwahi kuwaona watu wawili waliokusudia kuuzuia upepo wa Dodoma. Ukifunga mlango ulisikia damu yako masikioni. Yotham akawasha mashine, wakatoka wote wawili, akarekodi dakika moja ya kimya. Aliporudi kusikiliza alikisifu sana. Alisema ni kimya kizito, kimya chenye kina.

Kazi ikaenda. Restuta alisoma mchana, majirani wakiwa Mtumba na watoto wa mtaa wakiwa shule. Jioni Yotham alikata pumzi za mkewe na kubandika kimya. Na kwa kuwa karani wa masijala hatupi kitu, pumzi zile hakuzifuta. Alizipanga moja nyuma ya nyingine katika faili moja, akalipa jina: Pumzi. 

Baada ya ile Jumanne ya kitambaa, mengine yakafuata kidogo kidogo. Ikaja harufu, ile ya dawa ya kusugulia sakafu za wodi, na chini yake kitu kitamu kilichoanza kuoza. Restuta akafua soksi, akabadilisha soksi, akapiga deki stoo nzima, harufu ikabaki pale pale penye kichujio. Vumbi la Dodoma nalo halizuiliwi na kigunia; kila asubuhi sakafu ilikuwa na utando mwekundu, na asubuhi moja juu ya utando ule palikuwa na michirizi ya magurudumu kutoka mahali alipoiacha stendi hadi mlangoni, na kurudi. Breki zilikuwa zimekazwa. Alimuuliza Lea kama ameichezea. Lea akasema yeye hapendi kuingia mle, mle kuna mtu anavuta pua.

Halafu Restuta akaanza kuchoka. Ndoo moja ya maji kutoka bombani ilimkalisha chini kizingitini. Akisoma, alihisi kila pumzi anayoitoa inachukuliwa zaidi ya alivyoitoa, kama vile upande wa pili wa kitambaa kuna mtu anakunywa uji kwa mrija. Alinyunyiza maji ya baraka aliyopewa parokiani, akasema ni uchovu tu, akasoma. Mficha maradhi, mnajua wenyewe. Hakutaka kumwambia mumewe, kwa kuwa kazi ile ndiyo iliyomweka karibu na mtoto, na bila hiyo angerudi kufundisha na kumwachia mtu mwingine kifua cha Lea.

Yotham yeye alikuwa akifurahi. Hadithi ya saba ilikuwa na pumzi chache za kukata. Ya tisa zilikuwa tatu. Ya kumi na moja hakukuta hata moja. Mkewe alikuwa amesoma dakika ishirini bila kusikika akivuta hewa. Akakisifu kichujio, akamsifu Meshack, akatuma ya mwisho Dar es Salaam siku ya Ijumaa, zile kumi za mwanzo zikiwa zimeshatangulia.

Jumamosi mchana, Lea akiwa amelala, alitaka kumchekesha mkewe. Alifungua lile faili la Pumzi, lenye dakika arobaini na moja, akaongeza sauti ili amsikilizishe vile vimluzi vyake vikipangana kama kwaya. Hakikutoka kitu. Urefu wa faili ulikuwa ule ule, dakika zilikuwa zikihesabika, lakini kwenye kioo cha kompyuta, mahali palipokuwa na vilima vya sauti, palikuwa na mstari mmoja ulionyooka. Alirudi nyuma, akaenda mbele, akakuta ni mstari tu, mstari tu, hadi karibu na mwisho ambapo mstari ulianza kuvimba taratibu, na spika zikatoa sauti ya kitu kinachovuta hewa, kikaivuta na kuendelea kuivuta, kwa muda mrefu kuliko kifua cha mtu kinavyoweza kuchukua, bila mluzi, bila kikohozi, hadi faili likaisha na bado hakijaitoa.

"Hiyo siyo mimi," Restuta alisema kwa sauti ndogo.

"Nani mwingine ameingia mle?"

Restuta alizima spika. Alikuwa akiutazama mlango wa stoo, na mchirizi wa vumbi jekundu uliotoka chini yake.

Walikubaliana kuifunga stoo kwa kufuli na kutoongea habari hizo mbele ya mtoto. Walikosea, ila usiwacheke. Mtu akiwa na hofu jambo la kwanza analolifikiria ni kufunga, na kufunga ndiko kulikokuwa kosa lao tangu mwanzo.

Jumatatu, Yotham yuko kazini, Restuta alikaa uani akichambua mlenda. Tangu asubuhi kifua cha Lea kilikuwa kinalia. Alishampa dawa yake ya kuvuta na kumlaza, na sauti ile ilimfikia kupitia dirishani, hii hapa, hii hapa, na mikono yake ikafanya kazi kwa kuifuata. Kisha ikakoma. Moyo wake ulifurahi kwanza. Alisema asante Mungu, amepata nafuu. Akachambua majani mengine mawili, na hapo akakumbuka daktari alivyomwambia siku ile ya pili walipomkimbiza mtoto: mama, kifua kikilia mtoto anapumua, wewe ogopa kikinyamaza.

Kitanda kilikuwa kitupu. Sakafuni, kutoka mlango wa stoo hadi kando ya kitanda, palikuwa na michirizi ya magurudumu katika vumbi, na kutoka kando ya kitanda kurudi stoo palikuwa na michirizi ile ile na pembeni yake nyayo ndogo za miguu mitupu, zimekwenda sambamba, kama mtoto anayeongozwa na mgonjwa aliyeshikilia dripu yake kwenda msalani. Kufuli lilikuwa limening'inia limefunguka. Restuta alisukuma mlango, na katika giza lile la mchana, lenye joto na harufu ya wodi iliyomjaa mdomoni, alimwona Lea amesimama juu ya kiti, mikono ameiacha imelegea, mdomo ameubandika kwenye kichujio akipuliza, akipuliza bila kusita wala kuvuta, na kitambaa hakikuvimba na kulegea kama kitambaa kinachopulizwa bali kilikuwa kimevutwa kuelekea upande wa maiki, kimebonyea ndani na kukaa hivyo, kwa umbo la midomo mingine iliyokuwa imewekwa juu ya midomo ya mwanawe.

Alimkumbatia kiunoni akamvuta. Mdomo wa mtoto ulibanduka kwenye kitambaa kwa sauti ya maji. Ulikuwa na rangi ya zambarau.

"Kaniambia nipulize," Lea alinong'ona. "Kasema mama ameishiwa."

Bodaboda iliwafikisha hospitali kwa muda ambao Restuta hana kumbukumbu nao. Mtoto aliwekewa oksijeni, na ilipofika saa kumi kifua cha Lea kikaanza tena kulia. Hakuna muziki uliowahi kumliza Restuta kwa furaha kama kilio kile. Yotham alipofika alimwona mwanawe na mipira puani, na kando ya kitanda stendi ya dripu ya hospitali ile, na juu yake dirisha lililofunguliwa wazi. Hapo ndipo maneno ya mzee yalipomrudia. Hakukaa. Alikwenda Mpwapwa jioni ile ile, na kesho yake kabla ya saa sita mchana alirudi na Ebenezer.

Restuta naye alikuwa amekuja nyumbani, Lea amemwachia muuguzi kwa saa chache. Mzee alikataa kuingia ndani kwanza. Aliketi uani, akasalimiwa shikamoo, akanywa maji. Alisema wasimwite mganga, yeye ni mtu wa Kanisa na kazi yake ilikuwa kufagia wodi.

"Ni marehemu gani huyo, mzee wangu?" Restuta aliuliza.

"Siyo marehemu, mama. Marehemu pumzi ya mtu ya kazi gani? Hilo ni jini." Aliongea taratibu, uso kaugeuzia upande usio na stoo. "Wapo wanaokaa majini, wapo wa vichakani. Hili linakaa penye kitanda cha mwisho. Mtu anapokata roho, ile pumzi inayobaki hewani, lenyewe linaokota. Wahudumu tulilijua. Ndiyo maana madirisha ya wodi ile hatukuyafunga, hata baridi ya Juni, wauguzi wanagombana na sisi. Dirisha likiwa wazi, pumzi ya mtu inaondoka zake, jini linaambulia makombo. Zahanati ikafungwa, likashinda njaa miaka tisa kwenye chuma chake. Ninyi mkalichukua, mkaliziba ndani, mkaliletea pumzi zimekatwa tayari. Zikaisha. Likaanza kula zilizo vifuani."

Yotham aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kwamba angeambiwa wazi asingeinunua, na mzee alilisoma hilo usoni mwake, akasema kwamba angesema wazi angechekwa, na alishachekwa mara nyingi. Wote wawili walikuwa na sehemu yao.

Alivyoeleza, kulitoa si kazi ya dawa. Lililoingia kwa pumzi litoke kwa pumzi, tena ya yule yule lililomzoea. Restuta asome, bila kichujio kuwa mbele ya maiki, kila pumzi aivute na kuitoa hadharani, huku anarudi kinyumenyume kutoka stoo hadi nje kwenye upepo. Lenyewe litafuata. Huko nje pumzi ni ya kila kiumbe, haikai mahali pamoja, jini haliwezi kuishikilia. Yotham alisema atasoma yeye, mkewe hana nguvu. Restuta akamwambia wewe nenda ukakae na mwanangu hospitali, na asipokuona akiamka tutaongea.

Kwa hiyo walibaki wawili, mwalimu na mfagizi. Saa saba mchana Ebenezer alibomoa godoro la dirishani, akang'oa mablanketi, akageuza kichujio kikatazama nyuma. Restuta akasimama mbele ya stendi, karatasi mkononi, akaanza hadithi ya kwanza, ya sungura na kisima, akivuta hewa kwa nguvu hadi kimluzi chake kikajaa stoo. Hatua moja nyuma. Stendi ilibaki ilipokuwa. Hatua ya pili, na magurudumu yaliyokazwa breki yakalia juu ya saruji, yakaja. Alisoma akirudi nyuma kupitia sebuleni, kando ya meza, kando ya viatu vya Lea, akisoma bila kuona alichosoma kwa kuwa hadithi ile alikuwa ameshaijua kwa moyo, na kila alipovuta pumzi chuma kile kilisogea kwa urefu wa pumzi ile, na kila alipoitoa alihisi inanyakuliwa mdomoni na baridi isiyokuwa ya Dodoma, hadi akashika mwimo wa mlango kizingitini na sauti ikapungua ikabaki mluzi mtupu, na Ebenezer kwa nyuma akamwambia kwa upole, mama, usinyamaze, usinyamaze sasa. Hakunyamaza. Alifika uani, upepo ukampiga mgongoni na vumbi lake lote, ukazichukua pumzi zake kutoka mdomoni ukaenda nazo upande wa Hombolo, na stendi ikatoka mlangoni, ikasimama juani, ikaanguka.

Kitambaa cha kichujio kilipasuka chenyewe, kuanzia ndani. Harufu ya wodi ilizunguka uani mara moja, kisha ikawa harufu ya vumbi, na mbuzi wa jirani wakaanza kulia.

Ebenezer aliikusanya stendi akaifunga kwa kamba. Alisema chuma hakina kosa, ataisimamisha nje kwake atundikie maji ya kuku. Restuta alilia pale chini, akacheka, akampikia ugali na ule mlenda. Lea alirudi nyumbani Alhamisi, kifua chepesi. Restuta mwenyewe alibeba ndoo mbili.

Kabla ya kupanda basi, mzee alimuuliza Yotham swali moja.

"Pale mlipokata pumzi, mliweka nini?"

"Kimya, mzee. Kimya cha stoo. Nilirekodi dakika moja tukiwa tumetoka wote."

"Mmetoka nyinyi wawili."

Yotham alipiga hesabu. Kipande cha dakika ile alikuwa amekibandika katika hadithi kumi na moja, karibu mara elfu mbili.

Aliwaandikia kampuni siku ile ile akiomba waziondoe. Walimjibu kwa adabu kwamba haiwezekani, hadithi zimeshaingia kwenye simu za watu, na wazazi wanazipenda kuliko za msomaji mwingine yeyote. Ili wamtie mkewe moyo wakamtumia ujumbe wa msikilizaji mmoja, mama wa Kondoa aitwaye Devota, pamoja na namba yake. Restuta aliusoma amesimama uani, Lea akirukaruka kamba mbele yake.

Dada Restuta, ubarikiwe. Mwanangu ana pumu, alikuwa hanipi usingizi. Tangu nianze kumwekea hadithi zako analala, na kifua hakilii tena. Kimya kabisa.

Alipiga simu. Devota alipokea kwa sauti ya chini ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala, akafurahi mno kumsikia msomaji mwenyewe. Restuta alimwambia afungue madirisha, amwamshe mtoto, afute hadithi. Devota alicheka kidogo, kwa heshima. Akasema hadithi imeisha kitambo, simu si ndiyo hii anaongea nayo, dada asiwe na wasiwasi, mtoto yuko salama, ngoja amsogezee simu puani asikie mwenyewe anavyolala kwa raha.

Restuta alibana simu sikioni. Kwanza alisikia kimya, na alikitambua, maana alikuwa amekaa ndani yake wiki sita: kizito, chenye kina. Kisha upande ule kitu kikavuta pumzi, taratibu, kwa muda mrefu, na pumzi ile ikapita na kimluzi chembamba kati ya meno.

Alijiziba mdomo kwa kiganja, akaibana pumzi yake ili awe na hakika. Kimluzi kiliendelea.